Kinanda cha Spoku Mbili

Kila nipitapo kwenye kibanda cha fundi simu hapa Mabwerebwere, moshi wa risasi ya kulehemu inayoyeyuka hunikaba koo, nami narudi kijijini Zombo, nikiwa mtoto wa kike asiyejua kutulia.

Siku zile tulikuwa tunangoja lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Baba alikuwa ametangulia kujenga. Vitu vyote vilikuwa vimefungwa kwenye magunia, sufuria na sahani zikiwemo, na mimi nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mjomba Saidi, mdogo wake mama, alikuwa fundi redio. Alinihurumia, au labda alichoka kuniona. Akatoa mabaki ya redio mbovu, akapasha msumari kwenye mkaa, akanifundisha kulehemu. Tukaunganisha transista mbili, spika iliyochanika, betri za tochi na spoku mbili za baiskeli kwenye kisanduku kidogo. Ukishika spoku, moja kila mkono, kisanduku kinalia. Ukibana, sauti inapanda, ukilegeza, inashuka. Nikapiga wimbo wa gwaride la shule, angalau mimi niliutambua.

Nikamkimbilia mama, aliyekuwa amekaa kizingitini.

“Mama, shika hapa. Usibane.”

Akashika taratibu, huku akimwambia mjomba kwamba kuhama si neno, huko kuna shule na zahanati, watoto watasoma. Alisema kwa utulivu kabisa. Lakini kisanduku kikatoa mlio mwembamba, wa juu kuliko wowote niliowahi kuupata.

“Dada, mikono yako imelowa,” mjomba akasema.

“Nilikuwa naosha vyombo.”

Mjomba akayatazama magunia.

Mimi niliudhika. Nilijua kinanda changu kimeharibika. Nikakifumua, nikalehemu upya, nikaungua kidole gumba. Nikishika mimi kinalia sawasawa, na hilo ndilo lililozidi kunitia wazimu.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye nyumba na watoto ninaoogopa kuwang'oa, nilipokumbuka kwamba vyombo vyote siku ile vilikuwa ndani ya gunia. Hofu hutoa jasho viganjani, na jasho hupitisha umeme. Kinanda hakikuwa na ubovu wowote. Mchana kutwa nilihangaika kukitengeneza, na mama alikuwa pale pale kizingitini, karibu kabisa nami, akijifuta viganja kwenye khanga.