Kikombe cha Pili cha Papa Kitenge

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kabla sijaingia ndani yake nikutajie kwanza waliokuwepo, maana wengi wao hawana tena mtu wa kuwataja. Alikuwepo mume wangu Gaspari, karani wa bandarini. Alikuwepo baba yake, Papa Kitenge, aliyehamia kwetu kutoka Ubundu baada ya kubeba mizigo miaka mingi, kuitoa kwenye behewa kuipeleka kwenye mashua, kuitoa kwenye mashua kuipeleka kwenye behewa, mpaka tumbo likamshinda. Alikuwepo Mama Zaina, mke wake, mama mkwe wangu. Alikuwepo Josefina, mdogo wake Gaspari, msichana wa maneno mengi. Hao ndio wa nyumbani. Wageni walikuwa wawili: mzungu wa serikali, Monsieur Verkame, ambaye sisi tulimwita Mikono-Nyuma kwa jinsi alivyotembea, na karani wake Fransisko Botiki, mtu wa Lubunga ng'ambo ya mto. Mama yake na mama yangu walibatizwa siku moja. Wa saba ni mimi, Veronika, mke wa miezi tisa, bado sijazaa.

Ilikuwa hapa Kisangani, wakati Wazungu wakiiita Stanleyville, miaka michache kabla ya uhuru. Sikusoma sana, lakini majina hayanipotei. Kuna mengine ningependa yanipotee, hayataki.

Nikueleze kwanza kahawa ya Papa Kitenge.

Alikuwa na kidonda tumboni. Kahawa ya watu wote ilimchoma, na kuiacha hakuweza, kwa sababu kule Ubundu kahawa ndiyo iliyomwamsha na ndiyo iliyomkalisha na wenzake. Basi Mama Zaina alimtafutia njia. Alikaanga kahawa mwenyewe, akaitwanga kwenye kinu, isiwe unga, iwe chenga kubwa kama mchanga wa mtoni. Jioni aliitia kwenye chungu chenye maji baridi, akafunika, akaiacha mpaka asubuhi. Haikupanda motoni hata kidogo. Asubuhi aliichuja kwa kitambaa, polepole, bila kukamua. Halafu aliongeza maji ya moto nusu kwa nusu, na munyu wa majivu kidogo, ule ambao wanawake wa mtoni wanauza: wanachoma majani ya majini, wanachuja majivu, wanachemsha maji yake mpaka yakauke, unabaki munyu. Aliushika kwa vidole viwili tu. Na kikombe hakikumfikia mzee kabla hajala donge la lituma, ndizi zilizotwangwa zikiwa bado na joto.

Papa Kitenge alikuwa akinywa na kusema, "Hii kahawa iko na adabu. Inaingia, inasalimia, inakaa. Ile ingine inaingia kama polisi."

Tulikuwa tunacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini ndani yangu nilikuwa naionea haya. Rangi yake ilikuwa kama maji ya mto baada ya mvua. Niliiita kahawa ya mgonjwa.

Bon. Wakati ule serikali ilikuwa inawapa makarani wachache karte, kadi ya kuonyesha kwamba wanaishi kizungu. Mwenye karte alihesabiwa mtu kuliko wenzake. Lakini kabla ya kuipata, watu wanakuja nyumbani kwako. Wanaangalia kitanda, wanaangalia choo, wanafungua kabati, wanatazama kama mke anakula mezani na mume wake au anakula jikoni chini. Gaspari aliandika barua yake, akangoja mwaka mzima. Alikuwa hana usingizi mzuri. Alinifundisha namna ya kushika uma kama mtu anayemfundisha askari bunduki.

Na mimi nilikuwa nimejifunza mengine. Jumatano tulikuwa tunakusanyika, wake wa makarani, tunafundishwa kushona, kupiga pasi, kuoka, na kupika kahawa ya kizungu: iliyosagwa laini kama poda, nyeusi, nzito, ukimimina haipitishi mwanga. Nilikuwa wa kwanza katika kahawa. Nakwambia bila kujisifu, maana hakuna cha kujisifia.

Habari ilikuja kwamba Mikono-Nyuma atafika Jumanne saa mbili asubuhi. Alfajiri niliingia jikoni, nikakuta chungu cha Mama Zaina kwenye kona, kimefunikwa kama kila siku. Nilikichukua nikamwaga nyuma ya nyumba. Kile kifuko cha munyu wa majivu nikakisukuma chini ya kuni. Nilisema moyoni, mzungu akifungua kifuniko akaona maji haya, ataandika nini? Akiona munyu wa majivu, si ataandika kwamba tunaishi bado porini?

Mama Zaina alipoingia, akatazama kona.

"Veronika, chungu iko wapi?"

"Mama, leo tunakunywa wote kahawa moja. Gaspari amesema."

Gaspari hakusema. Nilitumia jina lake. Lakini nikuambie pia kwamba, alipokuja na kusikia, hakukataa. Alisema, "Mama, ni siku moja tu. Leo tuwe sawasawa mezani."

"Na chakula ya papa yako?"

"Atakula pamoja na wageni. Meza imeshapangwa, tusichafue."

Mama Zaina akaenda kukaa. Alikuwa mtu wa kunyamaza mbele ya mtoto wake wa kiume, na mimi nilikuwa nalijua hilo.

Papa Kitenge alivalishwa koti la Gaspari na tai. Josefina ndiye aliyemfunga.

"Polepole, mama," mzee akamwambia, "unanifunga kama mbuzi ya kuuza."

"Papa, mbuzi hawezi kuvaa viatu bila soksi. Wewe ni mbaya kuliko mbuzi."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka, na alichekea soksi.

Saa mbili wageni hawakuja. Saa tatu hawakuja. Saa nne nilipasha kahawa tena, ikazidi kukolea. Mkate ulikuwa katikati ya meza chini ya kitambaa cheupe nilichodarizi mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Mzee alikaa kwenye kiti chake tangu alfajiri, hajala kitu. Mara moja Mama Zaina alisimama akaelekea jikoni, nikadhani anakwenda kumletea ndizi. Gaspari akamwambia, "Mama, kaa, watafika sasa hivi." Akakaa.

Walifika karibu na adhuhuri. Mikono-Nyuma hakuwa mtu mbaya, sitamsema vibaya. Alizunguka vyumba viwili, akatazama kitanda, akatazama vitabu vya Gaspari, akauliza maswali madogo madogo, Fransisko Botiki akiandika. Halafu wakakaa mezani. Nilimimina kahawa vikombe saba. Ilitoka nyeusi kama lami, na harufu yake ilijaza nyumba, na mimi nilijiona mtu.

Mzungu alisukuma kikombe chake mbele kidogo. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Madame, kahawa hapana. Tumbo yangu inakataa. Unipe maji tu."

Hivyo tu. Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Hakuna aliyemdharau, hakuna aliyeandika. Nikaenda kumletea maji.

Niliporudi, alikuwa akimtazama Papa Kitenge, ambaye kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

"Na muzee? Yeye hakunywi kahawa ya nyumba yake?"

Fransisko alinyanyua kalamu. Labda aliinyanyua tu, labda mkono ulikuwa umechoka, sijui. Lakini sote tuliiona kalamu. Gaspari alimtazama baba yake. Papa Kitenge alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, hakupumzika mpaka kikaisha.

"Kahawa iko muzuri," akasema.

Mama Zaina alikuwa anatazama mikono yake.

Na mimi, mwanangu, na mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nilichukua birika nikammiminia kikombe cha pili. Kwetu sisi mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, wala yeye hamtazami. Tunaheshimiana kwa kuinamisha macho. Siku ile alinitazama. Macho yake yalikaa kwenye macho yangu muda wa kuhesabu mpaka tatu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayengoja niseme kitu. Ningeweza kusema, "Papa, acha, hiyo si yako." Mzungu alikuwa ameshasema la kwake mbele yetu wote, njia ilikuwa wazi. Nikanyamaza, na birika mkononi. Akanywa na hicho.

Wageni waliaga. Mikono-Nyuma alimpa Gaspari mkono, akamwambia nyumba ni safi. Gaspari aliwasindikiza mpaka barabarani, na aliporudi alikuwa anatembea kama kijana. Alikuta mzee bado amekaa, jasho linamtiririka ndani ya tai.

"Munitoe inje," akasema.

Mimi na Josefina tulimshika mpaka nyuma ya nyumba, pale pale nilipomwaga chungu. Akatapika. Nilitazama chini, nikaona kitu cheusi, chenye chenga chenga, nikamwambia Josefina, "Ni kahawa tu inatoka, afadhali itoke." Haikuwa kahawa. Ilikuwa damu iliyokaa tumboni. Nilikuja kuambiwa hospitali.

Alikaa hospitali siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Mama Zaina alirudi nyumbani kwa miguu, peke yake, koti la Gaspari likiwa begani. Tukaelewa kabla hajafika.

Daktari alisema kidonda kilikuwa cha zamani, kwamba kingeweza kupasuka siku yoyote, hata bila kahawa. Watu wamenirudishia neno hilo maisha yangu yote, kunifariji. Nimelishika, limeshindwa kunibeba. Siku yoyote si siku ile. Siku yoyote si mkono wangu.

Kwenye matanga, waombolezaji walikaa uani, na kahawa ni lazima. Mama Zaina hakuniacha niipike. Alichukua chungu, akaloweka kwenye maji baridi, akatafuta kifuko chake, akakipata chini ya kuni, hakuuliza kilifikaje pale. Asubuhi aliwapa wote ile kahawa ya rangi ya mto, wazee, vijana, padri, kila mmoja na kipande cha lituma. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja kutoka Ubundu alisema ni nzuri, akaomba tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Karte ilifika baada ya majuma sita. Gaspari aliitazama pande zote mbili, akaitia kwenye sanduku chini ya nguo, na sikumwona akiitoa. Tuliishi pamoja miaka thelathini na moja. Juu ya jambo hili tulizungumza mara moja tu, mvua ikinyesha, watoto wako shule.

"Ulijua itamuumiza?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na mimi nilijua," akasema. Akavaa kofia akatoka mvuani.

Mama Zaina hakunilaumu hata siku moja mpaka alipokufa. Alinifundisha tena ile kahawa, hatua kwa hatua, kama mtu anayemfundisha mgeni. Kama angenipiga ningemshukuru.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana ndicho pekee nilichobaki nacho cha kukupa. Nyumbani kwako weka chungu cha kahawa ya maji baridi. Kiganja kimoja cha kahawa iliyotwangwa chenga kubwa, maji ya vikombe vitano, funika usiku kucha. Chuja bila kukamua, maana ukikamua unatoa uchungu wote. Nusu kahawa, nusu maji ya moto, munyu wa majivu wa vidole viwili tu, usizidishe. Mtu ale kwanza. Na anayetapika cheusi usimpe kahawa ya aina yoyote, hata hii. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ile kahawa laini uwape wote mezani, asiwepo mmoja wa kunyooshewa kidole kama mgonjwa. Anayetaka kali aombe yeye. Usimngoje mwenye tumbo bovu aseme, hasa akiwa mzee, hasa akiwa anakupenda. Atakunywa. Atasema iko muzuri. Wewe ndiye unayepaswa kuuliza, na kuuliza kabla ya kumimina.

Na kama wewe ndiye mwenye tumbo, sema. Yule mzungu alisema, hakupungukiwa na kitu.

Mungu akupe meza ambayo mtu anaweza kukataa kikombe na bado akapendwa. Akupe wazee wa kukutazama usoni, na ulimi wa kuwajibu. Mimi sikuomba hayo mapema.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na mimi ni mzee. Nanyi wengine mtakaosoma, kama kuna mahali nimekosea, nisahihisheni. Kama Fransisko Botiki aliacha watoto kule Lubunga na aliwasimulia siku ile, au kama mmoja wenu ni wa uzao wa Josefina na alimsikia akisema kwamba mzee alikunywa kikombe kimoja tu, kwamba cha pili hakikumiminwa, au hakikumiminwa na mimi, mniletee neno hilo. Nipo bado, nyumba ile ile. Katika majina yote sidhani nimekosea. Kwenye kikombe cha pili tu ningependa niwe nimekosea.