Nilimwita Muuguzi Tante Mapazia

Bado naisikia ile simu ikitetemeka chini ya sahani. Nilikuwa nimeifunika kwa sahani ya bati ili isisikike, na badala ya kunyamaza ikazidi, drrrr, drrrr, kama nzi mkubwa aliyefungiwa ndani ya kopo. Kuizima sikutaka, maana watu walikuwa bado wanapiga kunipongeza. Wifi zangu wawili walikuwa wameketi nami kwenye mkeka tunakunywa maziwa.

"Bibi arusi, iko nani anakutafuta hivyo?" mmoja akauliza.

Nikacheka, kile kicheko changu cha mtu asiye na shida. "Ni Tante Mapazia. Ananitafutia pazia za salon."

Hakuna Tante Mapazia duniani, hakuna shangazi yeyote anayenitafutia pazia za sebule. Aliyekuwa anapiga ni muuguzi wa hospitali moja ya Kigali, anataka kujua kwa nini sijafika kufanyiwa upasuaji wa kansa. Kosa ni langu mimi, na leo sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba.

Mi ni mtoto wa kijiji cha Busasamana, Rwanda. Shule niliacha mwaka wa tatu wa sekondari, nikaanza kubeba karoti kuvuka mpaka kwenda kuuza Goma, Kongo. Ni mtu wa furaha, kila anayenijua atakwambia. Nikitembea na beseni kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba, nimepaka rangi, nimezaa wawili na majina nimewapa. Fundi aliyeshona gauni langu la harusi nilimwambia aache pindo refu chini, ili baadaye kitambaa kikatwe, kitoe nguo ya ubatizo ya mtoto. Fundi akacheka: "We sha, hata bwana hujamupata vizuri, unashonea mutoto?"

Bwana nilikuwa naye. Anaitwa Fidèle, fundi wa pikipiki hapa Gisenyi, mtu mpole ambaye kila mara alikuwa akiazima simu yangu kusikiliza mpira.

Miezi michache kabla ya harusi, kituo cha afya kiliita wanawake kupima shingo ya kizazi. Nilienda kwa sababu wenzangu wa sokoni wanaenda. Wao wakarudi nyumbani, mimi nikapewa karatasi ya kwenda hospitali ya mbele, na ya mbele tena, hadi Kigali.

Daktari alikuwa kijana, hana haraka. Alichora kibuyu nyuma ya karatasi yangu, kimegeuzwa, shingo iko chini.

"Ugonjwa uko hapa, shingoni tu, na bado ni mdogo," akasema. "Tunaweza kukata shingo, kibuyu chenyewe tukakiacha."

"Nitazaa?"

"Siwezi kukuahidi. Wengine wanapata mimba baada ya hapo, wengine hawapati, na mimba yenyewe itataka kuangaliwa sana. Lakini nafasi inabaki. Ukikawia, ugonjwa ukapanda, nitalazimika kutoa kizazi chote, maana la kwanza ni uhai wako. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hili naliandika wazi kwa wale wanaopenda kusema wasichana wa kijijini hawaelezwi. Mi nilielezwa, nikachorewa hadi kibuyu.

Muuguzi wake, mama mmoja wa sauti ya chini, akanipa namba yake na siku ya kurudi. Ndani ya basi la kurudi nyumbani nikaiandika kwenye simu: Tante Mapazia. Nilijua Fidèle ataishika simu hiyo kabla jua halijazama. Na nilijua, au nilijiambia najua, kwamba mwanaume akisikia neno kansa na neno kizazi kwa pamoja, hakuna harusi tena.

Siku ya kwanza niliyopangiwa iliangukia wiki ambayo wazee wa Fidèle walikuja kunichumbia rasmi kwetu. Nikampigia muuguzi nikamwambia nimefiwa na mjomba. Mjomba huyo hata leo anachunga ng'ombe wake na mwavuli mkononi. Muuguzi akanipa pole, akasema ataniombea siku nyingine, tena ya karibu.

Harusi ilifuata upesi, na ile siku nyingine ikaangukia baada yake. Na hapa ndipo ninapojidharau kabisa.

Kwetu bibi arusi wa zamani alikuwa akikaa ndani baada ya harusi, hapiki, hafagii, hatoki uani, mpaka ndugu zake waje kumtwikurura, yaani kumfunua kichwa, ndipo aanze kazi za nyumba yake. Siku hizi wengi wanamaliza jambo hilo jioni ile ile ya harusi, watu wanakula, wanarudi makwao. Mimi nikakataa. Nilitaka ya zamani. Nilitaka nifungiwe, niletewe maziwa, mikono iliyobeba karoti miaka yote ilainike kama ya binti wa tajiri. Mamamkwe wangu, muuza visamaki vya sambaza vya kukaanga pale ziwani, aliniangalia tu akasema: "Bon, kama njo furaha yako," yaani sawa, kama ndiyo furaha yangu.

Ndugu zangu Busasamana walikuwa na viazi shambani, wakasema watakuja wakimaliza kuvuna. Wiki moja ikawa tano. Na mimi nimekaa juu ya mkeka, kitambaa kichwani, nimejipaka mafuta ya siagi, simu inalia chini ya sahani.

Hofu naweza kuisamehe. Mtu anaogopa kifo, anaogopa kuachwa, sawa. Kinachonichefua ni kwamba kuna asubuhi nyingi sikuwa hata naogopa. Nilikuwa naringa. Muuguzi anapiga, mimi najiambia, hata nikitaka siwezi, bibi arusi hatoki. Nilipata sababu nzuri yenye harufu ya siagi, nikajifunika nayo. Mara moja tu nilipokea, nikanong'ona, "Nina udhuru wa kifamilia, Mama." Akasema, "Mwanangu, ugonjwa wako hauna familia. Njoo." Nikakata.

Ndugu wakaja, wakanifunua, wakala, wakacheza. Nikashika ufagio mbele ya watu wote, nikapigiwa vigelegele. Siku chache baadaye nikaanza kutoka damu isiyo ya mwezi. Ndipo bibi arusi akakumbuka njia ya Kigali.

Sikuweza kwenda peke yangu, maana hospitali inataka mtu wa kukuuguza, wa kukupikia na kukuosha. Ikabidi nimwambie Fidèle. Nilimkuta kwenye banda lake, mikono imejaa oili, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hata mjomba niliyemzika.

Hakupiga kelele. Alifuta mkono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja.

"Ile siku ya pili waliyokupangia," akauliza, "mi nilikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa. Natengeneza pikipiki za watu. Ungeniambia, ningekupakia na ile kitambaa yako kichwani, watu wote wa mutaa wanacheka, tunaenda."

Nilitamani anitukane. Kutukanwa kungenipa pa kushika.

Kigali walinipima upya. Daktari yule yule akatoa kalamu, safari hii hakuchora. Akasema ugonjwa umepita pale pa kukata shingo peke yake. Nikamuuliza kama ningekuja siku ya kwanza ingekuwaje. Akasema ukubwa ule wa mwanzo ulikuwa unafaa kwa ule upasuaji mdogo, na zaidi ya hapo hawezi kuapa. Ni mtu mwenye adabu. Mimi sina adabu hiyo, najua nilichofanya.

Walitoa kizazi chote. Niko hai. Naenda kuangaliwa kila wanaponiita, na hadi sasa wanasema hawaoni kitu.

Nilikuwa nimejiandalia adui, mamamkwe. Kitandani nilipanga hotuba nzima ya kumlaumu yeye na mila zao. Alipokuja na chupa ya uji, nikaanza: "Mama, mimi nilikuwa nafuata mila..."

"Mila ya nani?" akanikata. "Mi niliolewa Jumamosi, Jumanne niko pembeni ya ziwa na beseni ya sambaza. Nani alikuambia tunafungiaka mugonjwa ndani? Wewe njo uliitaka. Tulikuachia juu ulikuwa umefurahi." Kisha akageukia dirishani, akajifanya anatafuta kijiko, na kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Basi hata wa kumlaumu sikubakiwa naye. Mlango ule haukuwa na kufuli, na mlinzi alikuwa mimi.

Fidèle hajaniacha. Nawaambia nyinyi mliokuwa mnasubiri kusikia ameoa mwingine: hajaoa. Anachemsha maji, ananitania, Jumapili tunaenda kanisani pamoja. Lakini simu yangu hashiki tena. Mpira ukichezwa anaenda kusikiliza kwa jirani. Nikimwambia chukua yangu, anasema, "Acha, bibi, iko charge kidogo," na imejaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mshono.

Msinitumie maneno ya Mungu ana mpango wake. Mpango ulikuwepo, ulichorwa kwenye karatasi, na mimi nikaufunika kwa sahani.

Ila wewe dada mwenye karatasi kama yangu, umeikunja katikati ya nguo ukingoja harusi ipite, ubatizo upite, wageni waondoke: wageni hawana mwisho. Ukiambiwa kuna nafasi ya kubaki na kizazi, elewa kwamba nafasi hiyo ina siku zake, na siku hizo hazingoji ukimaliza kupendeza. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani leo, hata kama sauti inatetemeka. Akikimbia, amekuonyesha mapema alivyo. Asipokimbia, utakuwa na wa kukupakia kwenye pikipiki. Na usimpe muuguzi wako jina la uongo. Ukianza hapo, mengine yote yanakuwa rahisi.

Gauni la harusi liko kabatini, pindo lake refu halijakatwa. Sijui nitalifanyia nini, na leo sitaki kujua.

Jana Fidèle alikuwa kazini, mamamkwe yuko ziwani. Niliketi peke yangu salon, chini ya zile pazia ambazo mwishowe nilizinunua kweli. Nikafungua simu, nikafuta Tante Mapazia, nikaandika: Muuguzi wa kansa. Halafu nikatoa mtetemo, nikaweka mlio, nikaupandisha hadi mwisho, nikaiacha simu katikati ya meza, uso juu.