Mchi, Kinu na Mashine ya Kusikiliza Ardhi

Wanangu sijawahi kuwasimulia hili, na ninyi mkicheka sana naacha katikati, maana hadi leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, serikali inapunguza wafanyakazi, mitumba imejaa kila gulio, na kijana wa mtaa wa Makole, mjini, aliyemaliza kidato cha nne kama mimi alishukuru kibarua chochote. Nikapata kwenye kikosi cha kutafuta maji chini ya miamba, huko upande wa Chemba. Vibarua tulikuwa wawili, mimi na Athumani, na bosi wetu, Mzee Senyagwa, alishatuambia wazi kwamba kazi ikiisha atabaki na mmoja tu, kwa ajira ya kudumu. (Ajira ya kudumu, jamani! Nilishaanza kuchagua kitambaa cha suti.)

Tulichomeka ardhini vinasa mtetemo, kila kimoja na waya wake hadi kwenye mashine, halafu Athumani anapandisha bendera ya kutuonya, anapiga nyundo juu ya bamba la chuma, mtetemo unashuka, unagonga mwamba, unarudi. Mzee alipenda kutueleza: "Watu kumi wakijipanga uwanjani, jogoo akiwika, aliye karibu ndiye anaanza kumsikia. Ukijua nani kasikia kwanza na nani mwisho, unayaelekeza masikio yote upande ule, na jogoo unampata hata akiwa nyuma ya nyumba." Kazi yangu mimi ilikuwa kunyamazisha kijiji: ng'ombe wasipite, watoto wasicheze, kina mama wasitwange.

Asubuhi hiyo Mzee alitoa maelekezo, ila mimi nilikuwa napiga kiwi buti zangu za mtumba, nikaitikia tu, "Ndiyo, Mzee." Nikaenda, nikamkuta Mama Neema, mke wa mwenyekiti wa kijiji, yuko uani na kinu cha uwele.

"Shikamoo, mama. Naomba uache kutwanga kidogo, tunapima."

"Marahaba. Juzi mmenizuia, jana mmenizuia. Leo wanangu watakula hayo mawaya yenu?"

Maneno yakaniingia. Nikawaza (hapa ndipo akili iliponitoka) kwamba ubaya ni kutwanga wakati nyundo inapigwa, basi nikishika mchi mwenyewe nitaiona bendera ya Athumani ikipanda, nitaacha. Nikavua shati, Mama Neema akanifunga kanga kiunoni pumba zisichafue suruali, nikaanza. Bendera haipandi. Nikaona leo wamechelewa, nikaongeza kasi, nikaanza na kuimba, mama anacheka mpaka anafuta machozi.

Kumbe maelekezo ya asubuhi yalikuwa kwamba leo hakuna nyundo, leo tunaisikiliza ardhi inavyotetemeka yenyewe! Mzee huko kwenye mashine anaona mtetemo safi, wa mpangilio, hajawahi kuona mfano wake, akapiga hesabu, akayaelekeza masikio yote, mstari wa kuonyesha unakotoka ukachoreka kwenye karatasi, umenyooka. Akaamini ni maji yanapita kwenye ufa wa mwamba. Akamwita mwenyekiti, mwenyekiti akaita wazee, na kina mama waliochoka kufuata maji mbali wakaunga msafara, wengine na ndoo kabisa. Mstari ukakata zizi, ukakata shamba la karanga, ukaishia kwangu.

Nainua macho, mchi uko juu, kanga ya maua kiunoni, kijiji kizima kimesimama kinanitazama.

"Mhandisi," mwenyekiti akamuuliza Mzee taratibu, "maji yenyewe ndiyo haya?"

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena popote. Mzee Senyagwa hakufoka, alikunja karatasi yake akasema, "Angalau tumejua mashine ni nzima," na jioni hiyohiyo nikapandishwa lori la mahindi kurudi mjini. Maji yalipatikana wiki iliyofuata, na Athumani ndiye aliyeajiriwa. Mzee ametangulia mbele ya haki sasa, nami ninamkumbuka mno, yeye na jogoo wake. Tangu hapo mtu akitoa maelekezo, hata ya kuchemsha chai, nasimamisha kila kitu mpaka amalize.

Ila kazi niliyoikosa hainiumi tena. Kinachoniuma ni bibi mmoja aliyekuja na ndoo, ambaye hakucheka. Nilimfuata kumwomba radhi kabla sijapanda lori.

"Umetwanga vizuri, mjukuu wangu," akaniambia. "Lakini mimi nilikuja kuchota."