Simu ya Kocha Mbelwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri wa Michezo alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akaniuliza, "Kijana, unaujua mpira wa kikapu?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri, hutabishana na mtu. Nenda chuoni, mchezo unaanza saa kumi. Saa kumi na mbili niwe na habari. Na majina uyaandike sawasawa. Mama zao wanasoma."

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na mpira wa miguu ulikuwa na wenyewe pale chumba cha habari, watu wazima waliokalia viti vyao kama mirathi. Mgeni alipewa ndondi, riadha au kikapu. Nikachukua daftari langu, nikakatiza Kariakoo kwa miguu, nikipishana na mikokoteni ya viazi, hadi kwenye chuo kimoja cha ufundi upande wa pili wa soko. Nilitafuta mahali pazuri pa kuona, nikasimama.

"Wewe wa gazeti!" sauti nzito iliita. "Hapo ni ndani ya uwanja. Kama unataka kucheza, vua viatu!"

Uwanja mzima ulicheka. Aliyeniita alikuwa Kocha Mbelwa, mtu mfupi, taulo shingoni. Akanikalisha kwenye benchi kando yake, na mchezo wote akawa anakaripia wachezaji huku ananifundisha mimi: hii ni faulo, ile ni kutembea na mpira bila kuudundisha, yule anakaba mtu na huyu anakaba eneo. Hata hivyo kesho yake gazeti lilisema chuo kilishinda kwa "magoli" sitini na moja. Hakunisema mbele za watu. Alinivuta pembeni tu. "Kalamu," akaniambia, na jina hilo likanigandia, "huku ni pointi. Magoli waachie wakubwa zako."

Nyinyi mnaoandika leo mna simu mfukoni, kwa hiyo niwaeleze tulivyokuwa. Saa kumi na mbili kurasa ziliteremka kwa wapanga chapa, waliopanga habari kwa herufi za risasi, moja moja. Baada ya hapo hata mhariri hakuweza kuongeza nukta. Mchezo uliisha karibu na saa hiyo, na simu pekee iliyokuwa wazi chuoni ilikuwa ofisini kwa Kocha. Basi nilikaa kwenye kiti chake, nikamsomea mpokeaji aliyekuwa gazetini na mashine yake ya chapa, naye Kocha amesimama dirishani anajifuta jasho. Hakuniingilia. Ila nikikwama, alinikwamua.

"Andika hivi, Kalamu: leo vijana wameukimbilia mpira kama wachukuzi wa Kariakoo wanavyolikimbilia lori la vitunguu."

Niambieni, ni mwandishi gani mwenye dakika tano angeiacha sentensi hiyo? Mhariri aliifanya kichwa cha habari, na mimi nikapongezwa.

Wala hakuwa mtu wa maneno matupu. Sakafu ya ule uwanja aliimwaga mwenyewe pamoja na wachezaji wake, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakibeba mchanga kwa ndoo. Aliyefeli hisabati hakugusa mpira mpaka afaulu. Nilimwona akimsubiri mchezaji aliyechelewa mazoezi kwa sababu alikuwa msibani, na alipofika, timu nzima ilisimama kumpa pole. Nilimpenda mtu yule, na sijaacha kumpenda.

Ndiyo maana vijana wakiniuliza kwa nini sisi waandishi wa michezo tulikuwa wapole mno kwa makocha wa vyuo wa aina ile, huwa nawaambia wasitafute hongo. Mtu aliyekufundisha mchezo amekuazima macho yake. Utaona anachokiona yeye, na asichopenda kukiona kitakupita.

Kwangu mimi kilinipita siku ya fainali ya vyuo. Nyota wa timu alikuwa Athumani, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa Bi Zaina muuza nazi wa sokoni. Mama yake alimruhusu kucheza kwa sharti moja: akiumia, atoke. Kipindi cha pili aliteguka goti, akaja kukaa benchi, bega kwa bega na mimi.

"Kocha, mguu haunibebi," alisema.

Kocha alipiga magoti, akalifunga goti lile kwa bandeji taratibu kama anayemvisha mtoto. "Mwanangu, dakika sita tu. Nipe dakika sita, nikupe kikombe."

Athumani alinitazama. Nikainamia daftari. Akarudi uwanjani, akafunga vikapu vitatu, kikombe kikapatikana. Filimbi ya mwisho ilimkuta amelala chini, kashikilia goti kwa mikono miwili.

Ofisini, Kocha alinipa simu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Andika kijana aliomba mwenyewe kurudi. Ni shujaa."

Nilikuwa nimeketi nao benchi moja na nilisikia kila neno. Lakini saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika nne, kiti kilikuwa chake, na sentensi ilikuwa nzuri. Nikaisoma.

Wiki iliyofuata nilimkuta Athumani sokoni, kakaa kwenye gunia la nazi, magongo yameegemea ukuta.

"Kaka, nilikuomba wewe nirudi?" aliniuliza. "Maana Kocha sikumwomba."

Kabla sijajibu, Bi Zaina aliingilia. "Mwache mwandishi wa watu! Gazeti nimesomewa, na mtaa mzima umesomewa. Nilimwambia akiumia atoke, yeye akaomba kurudi! Anayependa mpira kuliko mguu wake, chuo cha nini? Atakaa hapa afue nazi."

"Mama, nimekwambia..."

"Gazeti lidanganye kwa faida ya nani?"

Swali lile nililibeba hadi kwa mhariri. Nikamweleza yote. Alivua miwani. "Sahihisho nitalitoa," akasema. "Lakini fikiri kwanza. Ukimwandika Kocha, kesho utapiga simu wapi?"

Nilikwenda chuoni nikiwa nimeshaandika sahihisho, karatasi mkononi. Nilimpa Kocha. "Nilisikia, Kocha. Nilikuwa pale benchi. Na Bi Zaina anamtoa chuoni."

Aliisoma mara mbili. Nilisubiri anifukuze.

"Mbona siku ile hukuniuliza?" alisema. "Ungeniuliza tu, 'Kweli aliomba?', nisingeweza kukutazama usoni nikasema ndiyo."

Akatupa taulo mezani, akatoka. Nilimfuata hadi Kariakoo. Alisimama mbele ya nazi za Bi Zaina, wateja wakimsukuma huku na huku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kikombe?"

"Nimekuja na kosa. Mwanao alitoka kama ulivyomwagiza. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Bi Zaina aliweka panga chini. Alimsema Kocha kwa sauti iliyowafanya wauza dagaa waache kazi, naye alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Kisha mama akamgeukia mwanawe. "Na wewe, lete hizo nguo za chuo nizifue."

Tuliporudi ofisini, Kocha alininyanyulia mkono wa simu. "Piga. Soma kama ulivyoandika."

Athumani hakucheza tena, lakini alihitimu akawa fundi mitambo bandarini. Mimi nimeandika michezo mpaka nikastaafu, na kila nilipompenda kocha nilijiwekea desturi: swali gumu namwuliza kwanza, jasho lake halijakauka. Nilijifunza kwamba upole wangu haukumheshimu Kocha Mbelwa. Ulimnyima nafasi ya kuwa mtu yule niliyemwona sokoni.

Tulimzika mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu. Mwandishi mmoja kijana alinijia na daftari lake, akataka nimpe sentensi moja nzuri kuhusu marehemu. Ninazo nyingi, nyingine kanipa mwenyewe. Nilimwonyesha watu waliobeba jeneza.

"Unamwona yule wa mbele anayechechemea, aliyekataa kupokewa jeneza?" nikamwambia. "Kamuulize yeye."