Buti Mlangoni pa Ukumbi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, njiani kutoka Jeddah kwenda Riyadh.

Nilikuwa dereva wa lori la baridi. Siku hiyo tulipakia bandarini masanduku ya maandiko ya kale, yaliyoandikwa kwenye majani ya mvumo, mali ya hekalu moja la Kibudha huko Sri Lanka. Yalikuwa yanapelekwa kwenye maonyesho Al-Murabba, mtaa wa Riyadh. Mwenzangu Sunil ni mtu wa huko, na kila sanduku aliliinamia kabla ya kulibeba. Nikamtania mpaka akanuna.

Sasa, sisi madereva wa lori la baridi tuna mchezo wetu. Jua likichoma, unasimama, unaingia nyuma kwenye mzigo, unalala kidogo. Nani atakataa baridi ya bure?

Siku hiyo tuliposimama njiani, Sunil akaniona napanda. "Sadiki, mafi jazma!" alisema kwa kile Kiarabu chetu cha kuungaunga, yaani rafiki, hakuna buti, akionyesha zangu. "Hapo sasa ni hekalu. Vua viatu."

"Hekalu gani, bwana? Hili ni lori."

Akaenda zake kununua chai. Nikajilaza, mguu wa kulia juu ya sanduku.

Niliamshwa na sauti ya mtu akisoma polepole. Mlango ulikuwa umejifunga, na mlango ule haufunguki kwa ndani. Giza totoro, lakini nilimwona, niamini: mzee mwenye upara, amejitanda shuka la manjano, miguu mitupu, ameketi kando ya sanduku. Niligonga, nikapiga kelele, nikamwita Mungu wangu. Pumzi ikaanza kunipungukia, nikajua leo nakufa. Mzee hakuinua hata macho. Alinyoosha kidole tu kwenye buti zangu.

Nikazivua huku nalia. Mlango ukafunguka wenyewe.

Kurudi kuzichukua? Thubutu! Sunil aliporudi akatia kufuli, nikaendesha pekupeku mpaka Riyadh. Tulipofika, kufuli hata halijaguswa, buti zangu zilikuwa mlangoni pa ukumbi wa maonyesho, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia kusali.

Tangu siku ile mguu wangu wa kulia haujui moto wala msumari. Daktari anauchoma sindano, haoni ugonjwa. Dereva asiyehisi breki atamwendesha nani? Siku hizi nalinda duka mtaa wa Ghulail, kulekule Jeddah, na kila jioni naukagua mguu kwa macho nione kama umeumia.

Kwa hiyo nawe, ukiambiwa uvue viatu, usiulize hekalu liko wapi. Vua.