Vidudu Viwili vya Mama wa Masara

Mama mmoja, mwosha dhahabu kule Masara, alikuwa na mimba ya miezi saba ugonjwa wa njia ya mkojo ulipomrudia. Daktari wetu pale Migori hakumzungusha. "Mama, dawa ulitupa."

"Nilimeza zote, daktari."

Mumewe akacheka. "Huyu? Panadol moja tu anabembelezwa!"

Alipewa dawa nyingine, akaondoka akifuta macho, nami wa maabara sikutulia. Kijidudu cha mara ya kwanza nilikuwa bado nacho kwenye friza. Kama cha sasa ni kilekile, hakikuwahi kuisha, na ingekuwa vigumu kumtetea. Kama ni kingine, basi alipona, akaambukizwa upya.

Niliviotesha kwenye sahani. Vyote vikatoa vidoa vya waridi, jamii moja. Nikaviwekea vipande vya karatasi vyenye dawa. Vikafa kwa dawa zilezile, vikakaidi zilezile. Pacha kabisa. Wengi wetu huishia hapo. Lakini hata pacha hutofautiana alama za vidole, na alama za kijidudu zimo ndani ya vinasaba vyake.

Mashine ya kuzisoma iko Homa Bay, kwa rafiki yangu, nikavipeleka huko. Alinakili vipande vya vinasaba, akavitia kwenye jeli, akawasha umeme uvivute: vifupi hukimbia mbele, virefu hubaki nyuma, vikiacha michirizi. Nilizunguka meza, nikaenda dirishani, nikarudi. Asubuhi hiyo stima ilikuwa imeshapotea mara moja.

"Omera, ndugu yangu, keti!" rafiki akaniambia. " Hii si ugali uisimamie."

Taa ya kumulika jeli ilipowashwa, nilifuata michirizi kwa kidole. Haikufanana.

Niliporudi Migori, nilimweleza mama mbele ya wote. Daktari akamwomba radhi. Mume akatazama viatu vyake. Mama mwenyewe hakushangilia.

"Kwa hiyo kitakuja kingine tena?"

Nilikuwa nimekimbilia jibu, nikasahau swali hilo. Nikamuuliza, huko mnakooshea mchanga, choo kiko wapi?

"Choo gani? Wanaume wamejaa kila mahali. Nabana mpaka jioni. Maji sinywi, nisije nikashikwa na mkojo."

Nikawaeleza kwamba mkojo unaobanwa huwapa vidudu nafasi ya kuzaana.

Mumewe akainua macho. "Mashimo ndiyo kazi yangu. La choo nitachimba mimi."

"Lakini ulimalize," mkewe akamwambia. "Mimi dawa nilimaliza."