Ugonjwa Mmoja kwa Karatasi Moja

Mwaka 1974, filimbi ya bendera ilipolia asubuhi, mji wote wa Likasi, Zaire, uliganda: mpita njia, baiskeli, mama mwenye beseni kichwani. Hata mbwa wa mtaa wa Kikula, watu walisema, walishajua. Aliyeshindwa kuganda ni Angèle, msichana wa miaka minane. Jina hilo la Kikristo chama tawala kilikuwa kimelipiga marufuku, kwa hiyo lilitumika nyumbani tu.

Si kwamba Angèle alipinga serikali. Miguu yake ndiyo iliyopinga. Aliruka, akapepesa macho, akakohoa bila kikohozi. Herufi alizigeuza kisogo, kitanda alikilowesha, na kila asubuhi tumbo lilimkata kwa woga wa shule.

"Sitwayeni," direkteri wa shule alimwambia mama yake, kama kila raia mwanamke alivyoitwa, "akitikisika tena mbele ya bendera, namufukuza. Ao uniletee karatasi ya munganga."

Hortense, mama huyo muuza mikate ambaye hakuwa amekaa kitako tangu uhuru, akamburuta mtoto hadi zahanati. Casimir, muuguzi, alisikiliza orodha yote, kisha akachukua karatasi.

"Mama, hapa kuko mustari moja. Chagula ugonjwa."

"Lakini yote iko mu mutoto mumoja, baba."

"Magonjwa sita, ni batoto sita. Mi naona mumoja."

"Dawa gani iko?"

"Ya minyoo."

Basi ikaandikwa minyoo.

Direkteri aliisoma karatasi kwa heshima, akatazama muhuri. "Minyoo ni siku tatu ya kupona," alisema.

Siku ya nne Hortense alisimama mstarini nyuma ya binti yake, mikono mabegani, akimkandamiza kama unga. Filimbi ikalia. Angèle alinusa chachu kwenye vidole vya mama yake, akatulia kama nguzo. Bendera ilipanda polepole, kamba ikikwama, wimbo ukirudiwa.

Ndipo walimu wakaanza kutazama chini. Kandambili moja ilikuwa inapiga vumbi, tap, tap, tap. Haikuwa ya mtoto. Kwa sababu ya mguu huohuo Hortense alichapwa na masista wa shule miaka mitatu, mpaka akaacha shule.

"Sitwayeni, ata weye?" direkteri aliuliza.

Hortense aliutazama mguu wake kama mgeni asiyealikwa.

"Minyoo," alijibu.

Direkteri alihesabu kwa vidole.

"Siku tatu, bote babili. Kisha, mukitikisika tena, mutoto anatoka mu masomo. Na karatasi ya mama iko wapi?"

Hortense alimshika Angèle mkono, wakarudi zahanati mbio. Casimir alikuwa na karatasi nyingi, zote za mstari mmoja.